Rigi ya bega kwa kamera ndogo ya kazi: kuichagua, kuifunga na kuisawazisha

Swali ni lilelile kila mara: "Nimenunua FX3 (au FX6, au C70), ninunue rigi gani ya bega?" Hizo ni kamera ndogo za video (mbili za kwanza za Sony, C70 ya Canon), na rigi ni fremu ya kuikalisha kamera begani. Chini ya swali hilo kuna picha ya seti nzima ya dukani: rodi, mishikio miwili, gurudumu la kuzungushia fokasi, boksi la kuzuia mwanga mbele ya lenzi, vyote kwa bei moja. Usianze na picha hiyo. Anza na mzani wa jikoni, kisha amua jicho lako litaangalia wapi. Ukishajua mambo hayo mawili, rigi zinazokufaa zitabaki chache sana na kuchagua hakutakusumbua.

Kamera kubwa za habari zilikaa vizuri begani kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya bega: tumbo lake lina mkunjo, betri iko nyuma, lenzi mbele, na viufainda, yaani kitundu cha kuchungulia picha, imetokeza ubavuni mbele ya jicho. Kamera ndogo haina hata kimoja kati ya hivyo. Uzito wake mwingi uko kwenye lenzi, skrini iko nyuma au ubavuni, na ukiilaza juu ya bega skrini hiyo inaishia karibu na sikio. Kwa hiyo inabidi isogezwe mbele, na ikishasogezwa mbele inavuta kwenda chini, na inapovuta ni mikono inayobeba. Rigi nzuri ni ile inayoutoa mzigo huo mikononi na kuushusha begani.

Kabla ya kuanza

Kusanya hivi vitu kwanza, hata kama bado hujaenda dukani:

- Kamera yako pamoja na lenzi nzito kuliko zote unazotumia kazini. Usipime na lenzi nyepesi halafu siku ya kazi ukafunga nyingine.
- Kila kinachokaa juu ya kamera: maikrofoni, kipokezi cha maiki ya kifuani, taa ndogo, keji (fremu ya chuma inayoizunguka kamera) kama unayo.
- Mzani wa jikoni unaofika kilo 5.
- Futi ya mkanda na penseli ya mviringo au kalamu ya maka.
- Spana za Allen za milimita 2, 2.5, 3, 4 na 5, na bisibisi bapa. Bolti nyingi za vifaa hivi ziko kwenye saizi hizo.
- Plati ya tripodi yako. Watu husahau, kisha wanagundua ukumbini kwamba rigi mpya haikai kwenye tripodi.
- Maandishi yaliyo kando ya tundu la umeme la kamera yako, yaani volti ngapi inapokea. Yaandike. Utayahitaji kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 1: Pima kila kitu kama kitakavyokuwa kazini

Kitabu cha kamera kinakupa uzito wa bodi peke yake, na bodi peke yake hairekodi kitu. FX6 ina takriban gramu 890 bila kitu chochote. Ifunge lenzi ya Sony 24-105 f/4 yenye gramu 663, betri, mshikio wa juu na maikrofoni, na umeshapita kilo 2. Badala ya hiyo ukifunga 28-135 f/4 yenye zumu ya mota, lenzi pekee ni gramu 1,215. Kamera ni ileile, lakini rigi inayoihitaji si ileile.

Andika namba mbili: uzito wa kamera ikiwa tayari kwa kazi, na uzito wa vitu vitakavyofungwa mbele yake, yaani mishikio, monita na mkono wa monita.

Hatua ya 2: Tafuta kitovu cha uzito

Laza penseli ya mviringo juu ya meza, weka kamera juu yake, isogeze mbele na nyuma mpaka ikae bila kuinamia upande wowote. Hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo. Pima umbali kutoka hapo hadi kwenye tundu la skrubu ya tripodi. Kwenye kamera nyingi ndogo zenye lenzi ya zumu, kitovu kiko mbele ya tundu, wakati mwingine chini ya shingo ya lenzi kabisa.

Rudia kipimo huku zumu ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Lenzi kama 24-105 inarefuka, kwa hiyo kitovu kinahama. Lenzi ya 28-135 f/4 na ile 70-200 f/2.8 ya Sony zinafanya zumu ndani kwa ndani bila kurefuka, na hii ni sababu kubwa ya kuzipenda begani kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Amua jicho litakuwa wapi

Hii ndiyo hatua wanaoanza wanairuka, nayo ndiyo inayoamua umbo la rigi. Njia ni tatu.

*Kuangalia skrini ya kamera yenyewe.* Hapo unahitaji rigi yenye kiungo kilichokunjwa kama herufi Z: mto unakaa bega la kulia, na kamera inaletwa katikati mbele ya uso. Ni rahisi kwa sababu hununui monita. Tatizo ni kwamba skrini inahitaji kukaa sentimita 25 hadi 40 kutoka machoni ili uione vizuri, na umbali huo wote unaisukuma kamera mbele. Zaidi ya hapo kamera iko upande wa kushoto wa bega lako, kwa hiyo rigi inataka kujipinda. Njia hii inafaa kamera nyepesi kama FX3 na lenzi fupi, kazi ya dakika kumi kumi. Kwa FX6 yenye lenzi ya kilo moja, haifai.

*Kuweka monita ya nje.* Kamera inakaa kwenye mstari mmoja na bega, karibu sana na shavu, na monita ya inchi 5 inatokezwa mbele kushoto kwa mkono wa kukunja. Kamera inaweza kurudi nyuma kadiri unavyotaka kwa kuwa huiangalii tena. Kwa wapiga video wengi wa harusi, ibada na mikutano hii ndiyo njia tunayoipendekeza. FX6 ina bahati hapa: skrini yake ya inchi 3.5 inachomoka na kuhamishwa, kwa hiyo unaweza kuisogeza mbele kwa rodi fupi bila kununua monita.

*Viufainda au lupu.* Lupu ni kile kikombe chenye kioo cha kukuza kinachovalishwa juu ya skrini. Jicho linabanwa pale, na uso unakuwa sehemu ya tatu inayoshikilia rigi baada ya bega na mikono. Picha inatulia kuliko njia zote, na juani unaona vizuri. Kasoro yake ni kwamba ukiwa umebanwa jicho hapo huoni mtu anayekuja ubavuni na trei ya glasi. Anayepiga video za watu wanaocheza afikirie mara mbili.

Kosa la kawaida: kununua rigi ya mstari mmoja bila monita wala lupu, kwa matumaini kwamba skrini ya kamera itaonekana. Haitaonekana. Utaishia kukunja shingo, na kesho yake utalaumu rigi.

Hatua ya 4: Chagua bamba la chini na mto wa bega

Hapa ndipo pesa ziende kwanza. Monita unaweza kuazima, lakini bamba bovu litakusumbua kila siku.

Mfumo utakaoukuta karibu kila mahali ni rodi mbili za kipenyo cha milimita 15, zilizoachana milimita 60 kati kwa kati. Ukubwa huu ni wa kawaida duniani, kwa hiyo kifaa cha kampuni moja kinaingia kwenye rodi za kampuni nyingine. Kuna pia mfumo wa rodi za milimita 19, mnene na mzito, uliotengenezwa kwa kamera kubwa za sinema. Usidanganywe kuununua eti ni "imara zaidi". Kwa kamera ndogo ni chuma cha bure.

Kwenye mfumo wa milimita 15, katikati ya lenzi inatakiwa kuwa milimita 85 juu ya katikati ya rodi. Kama hutumii gurudumu la fokasi wala boksi la mbele, kipimo hiki hakikuhusu sana. Kama unatumia, hakikisha bamba linapanda na kushuka.

Mambo ya kukagua ukiwa na bamba mkononi:

- Kamera inafungwa kwa sehemu mbili. Skrubu moja ya robo inchi peke yake itaruhusu kamera kujizungusha taratibu kila unapovuta mshikio. Tafuta bamba lenye skrubu mbili, au skrubu na pini ya kuzuia kujipinda, au funga bamba kwenye keji badala ya bodi.
- Kamera inaweza kuteleza mbele na nyuma angalau sentimita 8 bila kufungua kila kitu. Utaihitaji kila ukibadilisha lenzi.
- Mto wa bega nao uteleze. Mto uliogandishwa mahali pamoja umetengenezwa kwa mwili wa mtu mwingine.
- Mto uwe mgumu kiasi. Ubonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu: ukigusa chuma, utakigusa na kwa mfupa wa bega baada ya saa moja. Sponji laini sana ndiyo inayodanganya watu dukani.
- Chini kuwe na njia ya kukaa kwenye tripodi. Ama bamba linapokea plati yako, ama lina mkia wa kuingia kwenye plati ya VCT-14, ile ya kuchomoa kwa kidole inayotumika kwenye kamera za habari. VCT-14 inapendwa kwa sababu unatoka begani kwenda tripodini kwa sekunde chache. Ila kabla ya kulipa, itikise: kama bamba linacheza kwenye plati, usichukue, kwa sababu mchezo huo mdogo utauona kwenye picha kila unapogeuza kamera.
- Matundu ya hewa ya kamera yabaki wazi. Kamera hizi zina feni. Ukiziba njia ya hewa, zitajizima katikati ya kazi siku ya jua kali.

Skrubu ya kamera iingize kwa mkono kwanza. Ikikwama kabla bamba halijabana, ni ndefu mno. Usiisukume kwa bisibisi, maana unaweza kutoboa sakafu ya tundu na kuharibu kamera. Weka washa au tafuta skrubu fupi.

Kuhusu rodi: za kaboni ni nyepesi na ghali, za alumini ni nzito kidogo na nafuu. Mbele weka za kaboni ukiweza. Nyuma weka za alumini au hata za chuma, kwa sababu nyuma unatafuta uzito, na ni ajabu kulipia wepesi kisha kununua vyuma vya kuurudisha. Nunua zenye nyuzi za skrubu za M12 ndani ya ncha, ili uweze kuzirefusha kwa kuziunganisha.

Hatua ya 5: Chagua mishikio

Mishikio isimamie kwenye rozeti, yale maungio ya mviringo yenye meno. Tafuta rozeti ya aina ya ARRI yenye bolti ya M6; ndiyo inayopatana na vifaa vingi. Mishikio ya bei rahisi isiyo na meno, inayobanwa kwa skrubu tu, italegea siku hiyohiyo.

Simama wima, acha mikono ining'inie, kunja viwiko mpaka viguse mbavu. Pale viganja vilipo ndipo mishikio inapotakiwa kufika. Kwa watu wengi ni chini na mbele ya kamera, si pembeni yake. Viwiko vikining'inia hewani kama mabawa, mikono inachoka na picha inatetemeka. Mkono wa rozeti wa sentimita 15 unatosha kamera nyingi. Wa sentimita 25 unahitajika pale kamera imerudi nyuma sana.

Kitufe cha kuanza kurekodi kiwe kwenye mshikio wa kulia. FX6 ina tundu la rimoti la milimita 2.5, kwa hiyo rimoti ya LANC, aina ya rimoti ya waya ya kamera za video, inafanya kazi. Kamera nyingine zinatumia USB au njia tofauti. Hakikisha rimoti imeandikwa jina la kamera yako, kwa kuwa plagi kuingia hakumaanishi kwamba zinaelewana.

Na lile gurudumu la fokasi kwenye seti? Kama kamera yako inafuata sura ya mtu yenyewe, na unapiga matukio peke yako, liache dukani. Boksi la mbele vilevile, isipokuwa unatumia vichujio vya mraba. Vyote viwili vinaongeza uzito mahali pabaya kuliko pote: mbele kabisa.

Hatua ya 6: Umeme wa nyuma

Betri kubwa ya V-mount, ile inayopachikwa nyuma kwa kibano cha herufi V, ni vitu viwili kwa pamoja: inaendesha kamera na monita kutwa nzima, na inasawazisha rigi. Kabla ya kununua chuma cha kusawazisha, nunua betri.

Lakini hapa ndipo kamera zinapoungua. Betri ya V-mount ya kawaida ni ya volti 14.4, na ikiwa imejaa hufika 16.8. Linganisha na ulichoandika mwanzoni. Tundu la umeme la FX6 linataka volti 19.5. La C70 linataka 24. Betri ya FX3 ni ya takriban volti 7.2. Hakuna hata moja inayolingana na kinachotoka moja kwa moja kwenye D-Tap, lile tundu la umeme lililo kwenye betri ya V-mount. Kwa hiyo:

- FX6: tumia betri bandia (ganda la umbo la betri linalopitisha umeme wa waya) ya umbo la BP-U yenye waya wa D-Tap, kwa kuwa betri zake halisi nazo ni za volti 14.4. Au waya wenye kipandisha volti hadi 19.5.
- C70: vivyo hivyo, betri bandia ya umbo la BP-A, au kipandisha volti hadi 24.
- FX3: betri bandia ya NP-FZ100 yenye kishusha volti ndani yake, au umeme wa USB-C kutoka kwenye betri yenye tundu hilo linalotoa umeme wa PD (umeme wa nguvu zaidi wa USB).

Usitumie waya wa D-Tap uliokatwa na kuungwa na fundi bila kishusha volti. Volti 16 kwenye kamera ya volti 7 haina onyo, ni moshi.

Onyo la pili linahusu wanaotumia waya wa SDI (waya wa picha) kati ya FX6 na monita huku vyote vikila umeme wa betri moja. Chomeka umeme wa monita kwanza, kisha ndiyo waya wa SDI. Wakati wa kuchomoa, SDI itoke kwanza, umeme baadaye. Ukifanya kinyume, umeme unaweza kurudi kupitia waya wa picha na kuua tundu la SDI la kamera. Matundu mengi yamekufa hivyo na wenyewe wakadhani waya ndio mbovu.

Ukubwa wa betri: chukua ya chini ya Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), kwa mfano 95 au 98. Mashirika ya ndege yanaruhusu hizo kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba kibali. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali na kwa kawaida si zaidi ya mbili. Usiziweke kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Mwenye kazi za Dar na Unguja anajua thamani ya kutobishana pale kwenye mashine ya ukaguzi.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mizani

Ni hesabu moja tu: uzito zidisha umbali kutoka katikati ya bega. Jumla ya mbele ikaribiane na jumla ya nyuma.

Chukua mfano. Kamera ikiwa tayari ni kilo 2.4, na kitovu chake kiko sentimita 18 mbele ya bega: 43.2. Mishikio na monita ni kilo 0.7, sentimita 25 mbele: 17.5. Mbele jumla ni 60.7. Nyuma una betri na bamba lake, kilo 1.1, sentimita 28: 30.8. Pengo ni karibu 30. Kuliziba unahitaji chuma cha kilo 1 kwenye sentimita 30 nyuma. Ukiongeza bamba la chini, mto na rodi, tuseme kilo 1.2, rigi nzima inafika kilo 6.4.

Sasa sogeza kamera na vyote vilivyo mbele sentimita 6 kurudi nyuma, bila kubadilisha kitu kingine. Kamera: 2.4 mara 12 ni 28.8. Mishikio na monita: 0.7 mara 19 ni 13.3. Mbele jumla ni 42.1, na pengo limebaki 11.3. Chuma cha gramu 400 kinatosha, na rigi nzima ni kilo 5.8. Gramu 600 zimeondoka begani kwa kulegeza klampu moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza uzito nyuma, punguza umbali mbele.

Rodi za nyuma nazo zikirefushwa, uzito uleule unafanya kazi zaidi. Ila zisipite sentimita 30 au 35: ukigeuka ukumbini utampiga mtu nazo kichwani, na hapo tatizo si la mizani tena.

Rigi nyepesi kupindukia nayo haifai. Chini ya kilo 3 mtetemo wa mikono unaonekana kwa sababu hakuna uzito wa kuumeza. Kwa maoni yetu kilo 4 hadi 6 ni mahali pazuri kwa kazi ya saa kadhaa.

Hatua ya 8: Funga kwa mpangilio huu

1. Ingiza rodi mbili kwenye bamba la chini. Zibane nusu tu.
2. Teleza klampu yoyote kwenye rodi zote mbili mpaka mwisho. Ikikwama katikati, rodi haziko sambamba: legeza, zipange, bana tena.
3. Funga mto wa bega katikati ya rodi.
4. Funga bamba la betri nyuma, kisha betri. Nyuma kwanza, kamera baadaye. Ukianza na kamera, rigi itaanguka na lenzi mezani.
5. Funga kamera kwenye bamba, skrubu zote mbili.
6. Funga mishikio, kisha monita mwisho kabisa.
7. Pitisha waya kando ya rodi na uzifunge kwa velkro. Waya wa HDMI uwe na kibano chake karibu na kamera. Tundu la HDMI likivutwa mara chache linalegea, na kulitengeneza kunahitaji kufungua kamera.
8. Bana bolti zote kwa spana fupi ya Allen, nguvu ya vidole viwili. Alumini ni laini. Ukitumia mkono mzima utakula nyuzi.

Ukisharidhika, piga alama kwa maka kwenye rodi pale kila klampu ilipo. Alama moja kwa kila lenzi. Kesho utafunga kwa dakika tatu badala ya ishirini.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kulipa

Vaa rigi, simama wima, ondoa mikono yote miwili taratibu huku mtu mwingine amekaa tayari kudaka. Inatakiwa ikae yenyewe sekunde mbili tatu. Ikianguka mbele, bado. Ikianza kuinama nyuma polepole, ni sawa kabisa. Wengi wanaipenda hivyo kwa sababu mikono inavuta kidogo chini, nayo ni rahisi kuliko kuinua.

Kisha ikae begani dakika kumi kamili. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache. Maumivu ya rigi mbaya hayaji dakika ya kwanza. Mwisho rekodi ukuta wenye mistari iliyonyooka, tembea hatua kumi, geuka, na uangalie video papo hapo.

Kwa vifaa vilivyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, kagua meno ya rozeti kama yamelika, jaribu kila tundu kwa skrubu yako mwenyewe, na viringisha rodi juu ya kioo cha meza. Rodi iliyopinda itaruka.

Ikigoma

*Inaegemea kushoto.* Monita na mkono wake vinavuta. Hamisha kipokezi cha maiki au betri upande wa kulia, au sogeza mto sentimita moja kushoto kama bamba linaruhusu.

*Kamera inajizungusha kwenye bamba.* Skrubu ni moja, au kuna raba laini katikati. Ongeza pini au skrubu ya pili. Gundi ya nyuzi ni suluhisho la bolti zisizofunguliwa mara kwa mara tu, na iwe ile ya bluu; nyekundu itakulazimu kutumia moto.

*Mlio wa kukwaruza unaingia kwenye sauti.* Mara nyingi ni rozeti iliyolegea au waya unaogusa rodi. Shika kila kiungo kimoja kimoja ukitikisa huku umevaa spika za masikio, utakipata. Maikrofoni isimame kwenye kishikio chenye raba, isifungwe kwenye chuma moja kwa moja.

*Picha inatetemeka haraka haraka hata ukiwa umesimama.* Angalia monita kwanza: mkono wake mrefu ukitikisika, unatikisa rigi nzima. Ufupishe. Kisha angalia pumzi zako na viwiko.

*Kona za picha zinayumba kama maji unapotembea.* Hii hutokea kwa FX3 na lenzi pana, kitulizi cha ndani ya kamera kikiwa kimewashwa. Kizime au tumia lenzi ndefu kidogo. Rigi haina kosa.

*Mgongo wa chini unauma, bega haliumi.* Mbele bado ni nzito na unajisawazisha kwa kiuno. Rudi hatua ya 7.

*Bega linauma mahali pamoja.* Mto ni mwembamba, au rigi imekaa juu ya mfupa badala ya kati ya shingo na mfupa. Isogeze ndani kuelekea shingoni. Mkanda wa begi chini ya mto nao huleta shida hii, uvue.

*Monita inazimika huku kamera ikiendelea.* Plagi ya D-Tap imelegea. Baadhi ya plagi zinaweza kuingia kinyume kwa nguvu, usijaribu. Badilisha waya kabla ya kulaumu betri.

*Rigi ilikuwa sawa jana, leo inaanguka mbele.* Umebadilisha lenzi, au umeweka betri ndogo. Angalia alama zako za maka.